Santuri Zilirudi Zote

Walioharibu santuri za Bwana Simu ni Kamati ya Jumba la Mikutano la mji wetu, na mwenye dhamana ya kwanza ni yule aliyekuwa Katibu wake. Sisemi kwa uvumi. Nilikuwapo, nimesimama mlangoni kwa kazi niliyopewa na boma, na niliyaona yote kwa macho yangu. Ninaanza na neno hili kwa sababu watu wamezoea kulisimulia jambo lile kana kwamba lilijitenda lenyewe: santuri "zilichakaa", mzee "akasusa", akahama mji. Kazi yangu kwa muda wote wa utumishi ilikuwa kuandika nani alifanya nini, na sioni kwa nini niiache kwa kuwa nimestaafu.

Bwana Simu alikuwa mpokea simu wa posta ya Bagamoyo tangu siku niliyoanza kazi bomani, na kabla yake. Simu yenyewe haikuwa ya kuongea. Ilikuwa kidude cha shaba kinachogonga mpigo mrefu na mpigo mfupi, naye alikaa mbele yake kutwa nzima akiandika kwa penseli alichokisikia. Vifo vya watu, bei za mbata, meli zilizochelewa, yote yalipita sikioni mwake kabla ya kumfikia mwenyewe. Ungedhani mtu wa kazi kama hiyo akifika nyumbani atataka kimya. Yeye alitaka gramafoni.

Ilikuwa gramafoni ya sanduku, ya kuzungushwa kwa mkono, na kamani yake, ile springi ya kuiendesha, ilikuwa imekatika na kuungwa mara nyingi hata ikawa na kikohozi chake. Santuri zake karibu zote zilikuwa za muziki wa Ulaya usio na maneno: fidla, piano, au kundi kubwa la wapigaji wenye baragumu. Nyingine alizinunua kwa Mhindi mmoja wa Dar es Salaam, nyingine aliziokota mnadani, wakati mwenye shamba la mkonge alipofunga safari ya kwao. Alizisimamisha kwa ubavu ndani ya kasha la mvule, kila moja na kipande chake cha kaniki, na kasha lilikaa upande wa nyumba usiopigwa na jua.

Mlangoni kwake kilining'inia kibao cha kuandikia kama kile cha watoto wa shule. Kila Jumamosi asubuhi alikifuta, akaandika kwa chaki santuri atakayokuwa nayo wiki nzima. Hakuandika jina la mtungaji. Alisema hawezi kuyatamka majina yale, na asiyeweza kutamka jina la mtu asijidai kumfahamu. Aliandika hali ya muziki wenyewe. "Fidla nne. Wanagombana, wanapatana, mmoja hakuridhika." "Piano peke yake. Manyunyu." "Watu wengi na baragumu. Sikilizeni sehemu ya pili. Ya kwanza ni makelele."

Baada ya swala ya alasiri alifungua dirisha, akaelekeza gramafoni barabarani, na aliyetaka akaketi kwenye baraza ya nje. Ndani haingii mtu. Mwanzoni walikuja kumcheka. Madereva wa malori ya Msata, waliosimama posta, hatua chache kutoka kwake, kuchukua mifuko ya barua, walikisoma kile kibao kwa sauti na kupigana makofi. Safari iliyofuata dereva mmoja akateremka, akauliza, "Bwana Simu, yule fidla wa nne ameridhika?"

"Bado," akajibu, wala hakucheka. "Mpitie wiki ijayo."

Dereva akawa anampitia kweli.

Mwenzake mkubwa katika mambo haya alikuwa mwenye duka la nguo, mtu wa ukoo wa Kiomani, ambaye naye alikuwa na gramafoni na santuri za Misri. Hawa wawili walikuwa na desturi yao. Wakikutana njiani, baada ya salamu ya dini, hawakuulizana afya wala watoto. Mmoja alisema, "Umo katika nini?" na mwenzake akaeleza anachosikiliza siku zile. Nimewasikia mara nyingi, nikiwa nyuma yao kuelekea msikitini.

"Nimo katika kanuni," alisema siku moja mwenye duka, akimaanisha kile kinanda cha Kiarabu cha nyuzi nyingi. "Bwana wa Kairo. Analia tangu juzi."

"Analilia nini?"

"Mwenziwe aliahidi kuja, hakuja."

"Wa kwangu hawasemi wanalilia nini. Ndiyo maana siwachoki."

"Ndiyo maana na sisi hatuwaelewi, ndugu yangu."

"Wa kwako nawaelewa mno. Kila siku mwenziwe hakuja! Si amfuate?"

Mwenye duka akacheka hata akashika ukuta. Lakini urafiki huo haukumzuia Bwana Simu kumnyima. Siku moja yule bwana alileta santuri mpya kabisa ya Misri, akaomba wabadilishane kwa usiku mmoja tu. Bwana Simu akakataa hapo hapo, barazani, mbele za watu. Wakanuniana msimu mzima wa kaskazi. Hiyo ilikuwa kasoro yake kubwa, na sina haja ya kuificha. Alitaka mji mzima usikie alichonacho, na hakutaka hata mkono mmoja ukiguse.

Sababu yake ilikuwa sindano. Santuri za zama zile zilitengenezwa kwa kitu kama lakiri ile ya kufungia barua za posta, na sauti ilikaa katika mifereji myembamba ambayo sindano ya chuma huifuata kuanzia ukingoni hadi karibu na karatasi ya katikati. Kila upande mmoja unapokwisha, sindano imekwisha makali yake na inatakiwa kutupwa. Ukiirudia, inakuwa patasi. Wengi waliirudia. Wakati wa vita sindano ziliadimika hata Dar es Salaam, na wenye gramafoni wakazinoa juu ya jiwe au wakatia sindano za cherehani. Bwana Simu aliacha kupiga kwa miezi. Kisha akaanza kuchuma miiba ya mchongoma kutoka kwenye ua wa jirani, akaikausha juu ya bati, akaichonga ncha kwa ubavu wa kiberiti, na kutia mwiba mpya kwa kila upande wa santuri. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi tusogee dirishani. Vita vilikwisha, sindano zikarudi madukani, yeye akabaki na miiba yake. "Mwiba ukichoka unavunjika wenyewe," aliniambia. "Chuma kikichoka hakisemi."

Vijana walimtania kwamba santuri zake zina mafua. Walimtania pia kwa neno lake moja. Wakati muziki unaendelea, mtu akianza kuzungumza, yeye aliinua kidole na kusema, "Nyamaza, anarudi," maana alijua kwamba ule mwendo wa kwanza uko karibu kujirudia. Mjini neno hilo likageuka la mzaha: mdai akionekana mwisho wa mtaa, mdaiwa hunong'onezwa, "Nyamaza, anarudi."

Katika dini hakuwa mlegevu. Adhana ikianza alinyanyua mkono wa gramafoni hata kama zimebaki pumzi mbili. Mwezi wa Ramadhani kibao kilisomeka "Tumefunga", na kasha halikufunguliwa. Hata hivyo mwalimu wa madrasa hakumwacha.

"Bwana Simu, siku ya kiyama utaulizwa masikio haya uliyatumia wapi."

"Nitajibu posta, sheikh."

"Na baada ya posta?"

"Hayo yaliyobaki tutazungumza na Mola mwenyewe. Wewe ungekuja alasiri ukasikiliza, ungekuwa shahidi wangu."

Mwalimu hakuja, lakini niliwahi kumwona amesimama kwenye kona ya ukuta, amegeuka upande wa pili, akishughulika na kiatu ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Naye Bwana Simu, aliyesema hadharani kwamba ngoma ya beni na tarumbeta zake ni fujo za watoto, nilimkuta siku ya sikukuu nyuma kabisa ya watu, fimbo yake ikigonga chini sawasawa na ngoma. Aliponiona alijikohoza na kuondoka.

Mkewe alikuwa mtu wa maneno. "Mume wangu hajaongeza mke," aliwaambia wanawake wenzake, "lakini wake wenza ninao tele, wamo ndani ya kasha, na kila mmoja kavikwa kaniki yake." Alidai hapendi hata santuri moja. Ilikuwepo moja, hata hivyo, ya fidla kubwa inayopigwa peke yake, polepole, sauti ya mwanamume anayezungumza na nafsi yake. Mwenye kuijua siri hii alikuwa Bwana Simu pekee, akaja kunieleza baadaye: kila ilipopigwa hiyo, mkewe aliyekuwa akikuna nazi uani aliacha kukuna. Mbuzi ya nazi ilinyamaza tu mpaka upande ukwishe, kisha ikaendelea. Kwa hiyo aliipiga mara kwa mara, na kibaoni hakuiandika.

Mkewe alipofariki, kibao kilikaa kitupu hadi arobaini. Baadaye kikaandikwa tena kama kawaida. Lakini tulioketi barazani tuliijua ile fidla kubwa, na tuliisikia ikipigwa kwa dirisha lililofungwa.

Sasa nafika kwenye shauri lenyewe.

Jumba la Mikutano lilipofunguliwa, miaka michache baada ya vita, Kamati ilijulishwa kwamba mgeni mkubwa wa serikali atapita kunywa chai, na kwamba anapenda muziki wa kwao. Katibu akaenda kwa Bwana Simu pamoja na mimi, nikiwa karani na mjumbe wa boma. Nilitegemea kuona mlango ukifungwa usoni mwetu. Haikuwa hivyo.

"Mgeni anasikiliza kweli, au anapenda kelele tu nyuma ya maneno?" aliuliza.

"Anasikiliza, mzee. Ni mjuzi. Kwao ana chumba kizima cha santuri."

"Ataniuliza nimo katika nini?"

Katibu hakuelewa swali. "Atakuuliza," akasema.

Nilimwona mzee akimtazama kwa muda. Miaka yote ile alikuwa amewaeleza watu anachosikiliza, na kati ya wote hakuna aliyekuwa na santuri kama zake za kumweleza yeye. Akaingia ndani. Akatoa kasha. Katibu akasema tuchukue lote, mgeni achague mwenyewe. Bwana Simu akaweka mkono juu ya kaniki moja, akaunyanyua, akaweka tena. Mwisho akasema, "Haya, zote. Lakini kila upande, sindano mpya. Karani, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema.

"Na wewe, Bwana Katibu?"

"Nimesikia, mzee. Usiwe na wasiwasi. Tunazo, kopo zima."

Kopo lilikuwapo, nililiona kwa macho yangu, limejaa, ndani ya kabati la jumba. Lakini Katibu alikuwa na utaratibu wake wa stoo, na aliutukuza. Kifaa kipya hakitoki mpaka cha zamani kirudishwe kimevunjika. Taa, ufagio, kikombe, vyote vilikwenda hivyo. Siku ya sherehe alimkabidhi mpiga gramafoni sindano moja ya chuma, akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni. Gramafoni yenyewe ilikuwa ya jumba, kubwa, na mkono wake ulikuwa mzito kama pasi.

Bwana Simu alikuja na kanzu iliyopigwa pasi na koti jeusi, akaketishwa safu ya tatu. Mgeni aliingia, akaketi, chai ikamiminwa, sambusa zikapitishwa, santuri ya kwanza ikaanza. Mgeni alikuwa akizungumza na mwenyeji wake juu ya barabara. Upande ukaisha, santuri ikageuzwa, sindano ni ile ile. Bwana Simu akainuka.

"Badilisha sindano," akasema kwa upole.

Mpiga gramafoni akamtazama Katibu. Katibu akaja, akainama, akaitazama sindano. "Haijavunjika, mzee."

"Sikusema imevunjika. Nimesema ibadilishwe."

"Kaa, mzee wangu, kaa. Mgeni anasikiliza."

Nilikwenda mwenyewe kwa Katibu nikamwomba ufunguo. Alinijibu kwamba boma limenipa mlango, na yeye ana kabati lake. Santuri ya pili ikafuata, ya tatu, ya nne. Kufika hapo sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, ndipo mpiga gramafoni, ili isikike vizuri, akaweka shilingi juu ya mkono wa gramafoni kuukandamiza. Fidla kubwa ilipigwa mgeni alipokuwa ameondoka. Vijana waliobaki walikuwa wakila sambusa za mwisho na kuomba muziki uendelee, uwe wowote. Bwana Simu alikuwa bado amekaa safu ya tatu, viti vyote vya mbele yake vitupu. Hakuinuka tena. Mgeni hakumuuliza kitu.

Kesho yake kasha lilirudishwa. Kila santuri katika kaniki yake, hakuna iliyopasuka, hakuna iliyopungua. Ndilo jibu la Kamati hadi leo: santuri zilirudi zote. Nilipolalamika, niliulizwa nionyeshe ufa. Nikasema pigeni msikilize. Nikaambiwa Kamati hukagua vitu kwa macho. Nilimsihi Mwenyekiti aje barazani kwa Bwana Simu alasiri moja tu. Alisema ana udhuru, na udhuru huo haujakwisha.

Kibao hakikuandikwa Jumamosi iliyofuata, wala nyingine. Mwenye duka la nguo alimletea santuri zake za Misri, kwa mkono wake mwenyewe, bila kuombwa wala kutaka badala. Bwana Simu alimshukuru, akamrudishia. Alisema hawezi kumweleza mtu yumo katika nini kwa mali ya mwenziwe. Muda si mrefu akamaliza utumishi wake posta, akahamia Kaole kwa binti wa dada yake.

Nilimtembelea huko kwa mara ya mwisho, kwa baiskeli. Nilimkuta ukumbini, amekonda, masikio bado mazima. Kasha lilikuwa karibu naye, na gramafoni imefunguliwa.

"Shikamoo, Bwana Simu."

"Marahaba, Karani. Karibu. Bado unaandika andika?"

"Nimestaafu."

"Hawastaafu watu kama wewe." Akaniashiria mkeka. Sikuwa na hakika kama nina haki ya kuuliza, lakini nikauliza. "Umo katika nini siku hizi?"

Akatabasamu kidogo. "Katika mianzo," akasema.

Akatia mwiba, akazungusha, akaiweka fidla kubwa. Nilistaajabu, kwa maana ilianza safi, karibu kama zamani: ile sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake. Binti wa dada yake alikuwa uani akikoroga chungu, hakugeuka. Kisha nikaona mkono wa mzee umekwisha kusogea karibu na gramafoni, unangoja. Muziki ukaanza kupata mchanga. Ukazidi. Kabla haujafunikwa wote, akanyanyua mwiba.

"Chuma butu huharibu zaidi kadiri kinavyokwenda katikati, sauti inakobanwa," akasema. "Ukingoni sauti imetandazwa, haikuumia sana. Kwa hiyo mianzo ninayo, yote. Miisho hakuna hata mmoja."

"Na hii ya marehemu?"

"Hii alikuwa akiacha kukuna tangu mwanzo. Lakini mwishoni, mahali fidla inaposhuka kabisa, nilimsikia siku moja akivuta pumzi. Siku moja tu. Nilikuwa naipiga nikingoja pale." Akafunika gramafoni taratibu. "Sasa hapafikiki."

Nikamuuliza kama anataka nipeleke tena madai, nidai santuri mpya, nidai fidia.

"Mpya si ile aliyoisikia," akasema. "Sitaki kitu chao, Karani. Wameandika santuri zilirudi zote. Mimi sikuwahi kusema uongo kwa simu hata moja, hata ya msiba. Nataka waseme kilichotokea. Basi."

Alifariki kabla ya vuli kufika. Kamati haikutuma mtu mazikoni, wala neno.

Kwa hiyo, kwa haki ya shahidi aliyekuwapo, naitaka Kamati ya Jumba la Mikutano, ikiwa na wajumbe wa zamani au wapya, itende haya mbele ya mkutano wa hadhara. Ifute katika kumbukumbu zake kauli kwamba santuri za Bwana Simu zilirudi bila madhara. Iandike badala yake kwamba zilitumiwa kinyume cha sharti la mwenyewe, lililotamkwa na kukubaliwa mbele yangu. Kwamba aliomba hadharani madhara yakomeshwe, akaambiwa akae. Na kwamba sindano mpya zilikuwamo kabatini. Imtaje aliyeshika ufunguo. Naye aliyekuwa Katibu, ambaye yu hai na ana afya yake, asimame aulizwe, ajibu kwa kinywa chake. Nitakuwapo, na jibu lake nitaliandika kama litakavyotoka.